Nyumba ya Saandia na Mambo ya Huenda

Mroivili hakuwahi kusema "labda" maishani mwake. Ukimwomba kitu alisema ndiyo, na usipomwomba alikufuata mwenyewe kukuuliza mbona huombi, kwani yeye amekuwa mtu mbaya? Alikuwa na ghala la karafuu na vanila nyuma ya soko la Volo Volo, mjini Moroni, kisiwani Ngazidja, na kule kisiwani Ndzuani, karibu na Mutsamudu, alikuwa na mitambo ya kuchemshia maua ya langilangi mpaka yatoe mafuta ya manukato. Watu wa mji walisema mdomo wake ni mpana kuliko ghala lake. Mwenyewe akisikia alicheka mpaka kofia ikamtoka.

Aliyebaki na kazi ya kuupima huo mdomo ni Saandia, karani wake wa hesabu.

Saandia alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, si mtu wa maneno mengi, na alikuwa na mazoea ya kuchonga penseli kila mtu alipoanza kumdanganya. Wateja walikwisha kuijua penseli hiyo. Ukiona ameishika na kichongeo chake, heri ujisahihishe mapema. Alizaliwa Mahajanga, huko Madagaska, na huko ndiko alikojifunza hesabu. Mwaka wa sabini na saba, baada ya zile siku mbaya za mauaji ambazo Wangazidja wa Mahajanga hata leo hawapendi kuzisimulia, alipandishwa ndege pamoja na wenzake maelfu, wakarudishwa katika visiwa vya wazazi wao. Yeye visiwa hivyo alikuwa hajavitia machoni. Ndege zilikuwa za shirika la Sabena, basi na wao wakaitwa Sabena, na jina likawaganda.

Siku aliyoshuka uwanja wa ndege wa Hahaya, kila mtu alikuwa na wa kumpokea: shangazi analia, mjomba anabeba mizigo, watoto wanagombea kumshika mgeni mkono. Saandia alikaa juu ya sanduku lake. Mama yake alikuwa kaburini Mahajanga, na kijiji cha baba yake hakikuleta mtu. Mroivili alikuwa amekuja kuwapokea jamaa zake, akamwona.

"Mwanangu, unajua kazi gani?"

"Hesabu, Bwana."

Basi Mroivili akageuka, akapaza ile sauti yake iliyozoea kunadi karafuu. "Sikieni nyote! Huyu ni wa kampuni yangu. Kazi anayo kuanzia kesho. Na siku atakapopata mume, kampuni itamjengea nyumba!"

Watu walishangilia, wanawake wakapiga vigelegele, na mambo yakaishia hapo.

Wewe wa bara huenda ukaona nyumba ni nyumba tu. Visiwani si hivyo. Nyumba ni ya mwanamke. Hujengewa na baba yake, na wajomba, na kaka, tofali moja moja tangu angali mtoto, na mume anapooa huja na sanduku lake na viatu vyake, akapokewa. Mwanamke asiye na nyumba, huyo mume ataingia wapi? Wapo waliompenda Saandia. Waliuliza habari zake, wakaambiwa ni mwema, mcha Mungu, anajua kazi. Wakauliza na nyumba, wakaambiwa hana. Wakaaga kwa adabu. Mambo yakawa ya kuchekesha kwa asiyehusika: nyumba ilimngoja mume, na mume akaingoja nyumba, na miaka ikapita katikati yao.

Saandia aliitamani nyumba hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Hakutamani jumba. Alitaka mlango ambao angeufungua kwa ufunguo wake, na ukuta ambao hakuna mtu angemwambia "kwenu ni wapi" akiuegemea. Lakini hakumkumbusha Mroivili hata siku moja. Alipanga chumba kwa Koko Zoubeida, bibi aliyekuwa akiuza mkate wa sinia pale Volo Volo. Koko naye alikuwepo Hahaya siku ile, akasikia kwa masikio yake mawili, na hakuacha kuitaja ahadi ile kila baada ya chakula.

Mwaka wa themanini na tatu, Mutsamudu kulikuwa na pirikapirika za bandari mpya ya kina kirefu, na kila mfanyabiashara aliota meli kubwa. Mroivili aliota kuliko wote. Alitaka mtambo mpya wa langilangi, na benki moja ya ng'ambo ilikuwa tayari kumkopesha, ila kwa sharti: hesabu za kampuni zikaguliwe na mkaguzi wa nje, na chini ya mizania yawepo maelezo ya ahadi zote zinazoifunga kampuni, na ya mambo yote yanayoweza kuipata.

"Mizania si inatosha?" Mroivili alinung'unika. "Kilichomo ghalani kimo. Kisichomo hakimo. Hayo mengine ni umbea."

Saandia akaweka kalamu chini. "Bwana, ulipofanya anda yako, rafiki yako Anli alikuletea nini?"

Anda ni ile harusi kubwa ambayo Mngazidja asipoifanya, hata awe na mvi, bado ni kijana mbele ya wazee. Swali lilimchangamsha Mroivili. "Ng'ombe! Ng'ombe dume, mweusi, mji mzima ulimtazama."

"Na Anli akifanya yake?"

"Nitampelekea ng'ombe mkubwa kuliko yule. Nisipompeleka nitapita wapi? Bangwe nitakaa upande gani?" Bangwe ni uwanja wa mji, wanakokaa wanaume na heshima zao.

"Huyo ng'ombe wa kumpelekea, sasa hivi yuko wapi?"

"Zizini kwangu, anakula."

"Ni wako?"

Mroivili akavua kofia, akaigeuzageuza mikononi. Ilikuwa nadra kumwona hivyo.

"Hiyo ndiyo ahadi iliyofungwa," Saandia akasema. "Kitu bado unacho, lakini mwenyewe anajulikana. Mgeni akichungulia zizi lako bila kuambiwa habari za Anli, atakuhesabu tajiri kuliko ulivyo, akukopeshe kwa ng'ombe wa mwenzio. Ahadi ni deni, Bwana. Benki inataka tu kuzijua."

"Na hayo yanayoweza kutupata?"

"Ulimwekea Mouhidine dhamana kwa jina la kampuni aliponunua teksi. Akilipa, wewe huna habari. Asipolipa, watakuja kwako. Hilo ni jambo la huenda. Mambo ya huenda yana ngazi tatu. La ngazi ya kwanza liko karibu kutokea, basi unalitengea fedha sasa hivi. La pili linaweza kutokea au lisitokee, unalieleza kwa maneno tu, msomaji ajue. La tatu ni vigumu kutokea. Hilo huliandiki, maana ukianza kuandika ya namna hiyo hutamaliza mpaka kiama."

Mroivili alifurahi kama aliyefundishwa mchezo mpya. "Basi andika na lori langu!"

Saandia alijua litafika huko. Lori lile lilichukuliwa na mamluki, wale askari wa kizungu waliokuja mwaka wa sabini na nane wakaipindua serikali, kisha wakabaki kuilinda iliyofuata. Walikuja ghalani wamevaa nyeusi, wakaliazima "kwa siku mbili", na hizo siku mbili zilikuwa zinaelekea mwaka wa tatu. Kila Ijumaa Mroivili aliliombea.

"Dua la kuku halimpati mwewe, Bwana."

"Lakini waliahidi kulirudisha! Wameahidi, andika!"

"Hasara ya huenda tunaitaja mapema. Faida ya huenda tunainyamazia mpaka ije yenyewe ikasimame mlangoni. Tumaini si mali."

Alilisema kwa wepesi, maana alikuwa na mazoezi nalo.

Mroivili alinuna mpaka adhuhuri. Baada ya swala alirudi ameongoka. Na mtu wa namna ile akiongoka, jiandae. Kuanzia kesho yake akawa anapita Volo Volo, kwenye mafungu ya ndizi na samaki na vitambaa, anawasimamisha watu: "Ndugu yangu, niliwahi kukuahidi kitu?"

Nani katika soko zima la Moroni angejibu hapana? Mmoja akakumbuka mabati. Mwingine naye akakumbuka mabati; yake alikwisha yapata na kuyaezeka, ila aliona si adabu kumkatisha Bwana moyo. Fundi wa chuo cha Kurani, yaani mwalimu, akakumbuka mikeka. Mwuza samaki akakumbuka kwamba Mroivili aliahidi kumwoza binti yake, na Mroivili hakuwa na binti. Jioni alirudi ofisini ameloa jasho, anang'aa kwa furaha ya mtu aliyetubu, akamsomea Saandia yote, kuanzia na ng'ombe wa Anli.

"Bwana," Saandia alisema, akijizuia kucheka, "kampuni haioi wala haina ng'ombe. Anda ni yako wewe. Tunaandika zile tu ulizoahidi kwa jina la kampuni."

"Kuna tofauti?"

"Ipo. Ukisema 'mimi', ni wewe. Ukisema 'kampuni', tumo sote."

Baada ya kusema hivyo akainama kwenye karatasi, kwa sababu alikumbuka kwamba uwanjani Hahaya, Mroivili alisema kampuni.

Mkaguzi aliyeteuliwa na benki alikuwa Charif, mtu wa Mutsamudu, mwenye ofisi ndogo katika vichochoro vya mji wa kale. Alisomea Ufaransa, akarudi na miwani na subira. Alikuwa mgane. Mkewe alipofariki, nyumba ilibaki kwa dada za marehemu kama ilivyo desturi, na Charif akatoka na sanduku lake. Tangu hapo alilala chumba cha nyuma ya ofisi, akinunua chakula kwa jirani. Mwanamume wa visiwani akikosa mke huwa kama mgeni katika mji wake mwenyewe, na hakuna anayemwonea huruma, maana watu wanadhani wanaume hawalioni hilo.

Saandia akapanda ndege ndogo kwenda Ndzuani kukamilisha naye maelezo ya upande ule. Walianza Mirontsy, mji wa jirani, kwa wanawake wanaochuma langilangi. Mkubwa wao aliitwa Zouhoura, mama mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Aliwakalisha mkekani, akawaletea mataba, yale majani ya muhogo yaliyopikwa kwa tui, akawaambia: "Mroivili alisimama hapa hapa, akasema kampuni itanunua maua yetu yote mpaka mwisho wa msimu ujao, kwa bei ileile. Yote, alisema. Hata tukichuma mpaka ya makaburini."

"Hilo ni la huenda," Charif alimwambia Saandia kwa sauti ya chini. "Hatujui maua yatakuwa kiasi gani. Mvua ikinyesha vibaya, hakuna cha kununua."

"Kiasi ndicho hatukijui. Kufungwa tumekwisha fungwa," Saandia akajibu. "Wakileta kikapu kimoja tutanunua, wakileta mia tutanunua. Hakuna mlango wa kutokea. Hiyo ni ahadi iliyofungwa, fundi, na tutaeleza kwamba kiasi hakijulikani."

Charif akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Saandia alikuja kugundua kwamba hivyo ndivyo alivyofanya kila alipokuwa karibu kukubali jambo, ila hakutaka kukubali haraka. "Haya," akasema. "Ahadi."

Lakini katika habari ya mpagazi wa bandarini, Charif ndiye aliyeshinda. Pipa la mafuta la kampuni lilimwangukia mpagazi huyo mguuni, na kesi ilikuwa mahakamani. Saandia aliipa ngazi ya pili, inaweza kuwa au isiwe. Charif hakubishana. Alimchukua mpaka gatini, wakamkuta mpagazi amekaa juu ya magunia, akawaonyesha mguu. Saandia aliutazama mguu ule, kisha akatazama bahari.

"Ya kwanza," akasema. "Tutenge fedha leo leo."

"Mimi pia niliusoma kwenye karatasi nikadhani ni wa ngazi ya pili," Charif akasema.

Walibishana siku zile zote, tena kwa raha. Walibishania dhamana ya Mouhidine. Walibishana kama kodi ya ghala ambayo mkataba wake haujaisha ni ahadi au ni gharama tu. Walibishana hata kama mataba hupendeza zaidi yakilala. Walipomrudia Zouhoura kumsomea maelezo yake, akawasikiliza, akapiga makofi. "Nyinyi mnagombana kama watu wa nyumba moja!"

"Nyumba hatuna," Saandia alijibu kabla hajafikiri.

Wanawake walicheka. Charif hakucheka. Walipokuwa wanarudi Mutsamudu kwa miguu, alimwuliza alimaanisha nini, na Saandia akamweleza kwa kirefu habari za bandari mpya.

Siku aliyokuwa akinakili maelezo safi huko Moroni, Koko Zoubeida alimletea kipande cha mkate wa sinia na swali. "Na nyumba yako umeiandika?"

"Haiandikwi, Koko. Ni ya huenda, tena ngazi ya tatu."

"Nani kaipa ya tatu?"

"Mimi."

"Ndiyo maana," Koko akasema, akaondoka zake.

Maneno hayo yalimkaa. Saandia alijiuliza kama kweli alipima, au aliona haya. Aliwahubiria wengine kwamba mficha uchi hazai, kwamba hesabu inayoficha ahadi ni uongo uliopigwa mstari chini. Na hapa palikuwa na ahadi iliyosemwa kwa jina la kampuni, mbele ya mashahidi. Angeiandika kwa mkono wake mwenyewe, benki wangesoma kwamba karani amejitengea nyumba, na Mroivili angedhani anadai. Asipoiandika, basi alikuwa anakiri kwa maandishi kwamba hakuna atakayemwoa. Alichukua uamuzi wa pili. Ulimwuma, tena uchungu wa kweli, lakini aliona ni hesabu sahihi.

Charif alikuja Moroni kutia saini asubuhi ya Jumatatu. Mroivili alivaa kanzu mpya, akaagiza kahawa na vitumbua. Maelezo yalikuwa mezani, ahadi upande wake, mambo ya huenda upande wake. Mkaguzi aliyapitia, akafika mwisho, akauliza swali ambalo mkaguzi ni lazima aulize.

"Kuna ahadi yoyote, au jambo lolote la huenda, mnalolijua ambalo halimo humu?"

"Hakuna!" Mroivili akasema, amevimba kifua. "Nimetubu mpaka mwuza samaki ananicheka. Hakuna!"

"Na wewe, karani?"

"Hakuna," Saandia akasema.

Kisha Mroivili akageuza shingo polepole. "Mwanangu, mbona unachonga penseli? Ni nani anadanganya humu ndani?"

Saandia akaangalia mikono yake. Kweli, penseli ilikuwa katika kichongeo, na maganda yake yametapakaa mezani. Miaka yote hiyo alikuwa hajawahi kujikamata mwenyewe. Uso ukamwiva. Akaiweka chini, akasema kwa sauti ya kusoma hesabu:

"Mwaka wa sabini na saba, uwanja wa Hahaya, mbele za watu, mkurugenzi alisema kwamba siku nitakapopata mume, kampuni itanijengea nyumba. Haikufutwa. Sikuiandika."

Mroivili alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mimi nilisema... Ya Rabi, nilisema! Zoubeida alikuwepo! Nimezunguka soko zima kutafuta ahadi zangu, na yako imekaa mbele yangu inanipigia mahesabu! Kwa nini hukunikumbusha?"

"Ahadi ya kukumbushwa, Bwana, inakuwa sadaka."

"Nilidhani hutaki kuolewa! Hukuitaja nyumba hata siku moja, nikasema huyu ameridhika na penseli yake." Na Mroivili, mtu yule mkubwa, machozi yakamlenga, akayafuta kwa kitumbua alichosahau kwamba amekishika.

Charif alikuwa ametulia. "Uliipa ngazi gani?" akamwuliza Saandia.

"Ya tatu. Inategemea tukio, na tukio lenyewe ni vigumu kutokea. Kwa hiyo haiandikwi. Nimefuata kanuni."

Charif akavua miwani. Akaifuta, akaifuta, mpaka Mroivili akataka kumletea kitambaa. Kisha akaivaa.

"Mimi kama mkaguzi siikubali ngazi hiyo."

"Kwa ushahidi gani?"

"Ninao."

Akafunika kalamu yake. Akaikunja ripoti, akaisukuma katikati ya meza. "Bwana Mroivili, unisamehe. Siwezi kutia saini hesabu hizi."

Hapo Mroivili aliruka. Aliuona mkopo unaondoka, na mtambo, na meli kubwa, vyote vinatoka mlangoni vikifuatana. "Kwa sababu ya nyumba? Nitaiandika! Niandike ghorofa! Charif, ndugu yangu, kosa liko wapi?"

"Hesabu hazina kosa. Ni safi kuliko nyingi nilizoziona. Kosa liko kwangu." Charif alikuwa amekaa wima. "Mkaguzi haruhusiwi kuikagua kampuni ambayo ana maslahi nayo. Mimi tangu Mirontsy nina maslahi katika ahadi moja ya kampuni hii. Nilidhani nitaweza kutia saini kwanza, nikaja siku nyingine na wazee wangu kama inavyopasa. Sasa karani ameniambia kwamba ni vigumu kutokea, na mimi nikitia saini hapa nitakuwa nimethibitisha uongo."

"Ahadi ipi hiyo?" Mroivili aliuliza, bado hajaelewa. "Ng'ombe wa Anli hayumo, tulimwondoa!"

"Nyumba," akasema Charif.

Nje, kondakta wa basi dogo alikuwa akiita abiria wa kaskazini. Mroivili alimtazama Charif, akamtazama Saandia, akamtazama tena Charif, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akasema:

"Labda... labda nitoke nje kidogo?"

"Kaa, Bwana," Charif akasema. "Ni heri awepo mkubwa wake. Yeye mwenyewe bado hajasema neno, na mpaka aseme ni jambo la huenda tu." Kisha akamgeukia. "Saandia, mimi nina sanduku moja na jozi mbili za viatu. Nipime. Unanipa ngazi gani?"

Saandia alijaribu kufikiri kama karani. Alitaka kuuliza kiasi, na muda, na mashahidi. Lakini furaha ilimzuia kupiga hesabu yoyote. Alitambua kwamba alikuwa anamsubiri mtu huyu tangu siku ya mguu wa mpagazi, na kwamba yale mabishano yote hakutaka yaishe.

"Ipandishe," akasema.

"Ya pili?" Mroivili akadakia, maana ngazi alikwisha zijua. "Ya kueleza kwa maneno?"

"Ya kwanza," Saandia akasema.

"Ya kutenga fedha leo leo!" Mroivili akapiga ukelele, akafungua dirisha, akawatangazia Volo Volo nzima. Koko Zoubeida aliyasikia akiwa penye mkate wake. Wanasema hakushangaa hata kidogo, aliuliza tu mbona wamechelewa.

Ilibidi benki itafute mkaguzi mwingine, na huyo akachukua muda wake, na mtambo ukachelewa msimu mzima. Mpaka leo Mroivili huwaambia watu kwamba hajapata kusikia posa iliyomgharimu asiyeoa fedha nyingi namna ile. Mkaguzi mpya alipofika kwenye maelezo ya nyumba aliikuta si ya huenda tena. Mahari ilikwisha toka, fundi wa mawe amesaini mkataba, na msingi umechimbwa karibu na uwanja wa Koko Zoubeida. Akaihamishia kwenye ahadi zilizofungwa, bila kuuliza mengi. Harusi ilifanyika, watu wa Ndzuani wakavuka kuja Ngazidja, wakataniana na wenyeji wao usiku na mchana kama ilivyo ada, na Zouhoura akaimba mpaka sauti ikamkauka. Charif akahamia na sanduku lake, akafungua ofisi Moroni. Kampuni ya Mroivili hakuikagua tena.

Mwaka uliofuata, Saandia alimaliza hesabu mpya wakati wa likizo, na Mroivili akaja nyumbani kwake kuzisoma. Alikalishwa sebuleni, akaletewa kahawa. Alisoma maelezo kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho, akarudi mwanzo, uso ukamkunjamana.

"Lori halimo."

"Halijarudi."

"Najua, najua. Tumaini si mali." Akaendelea kutafuta, karatasi imemkaribia pua. "Lakini hata nyumba siioni. Mwaka jana ilikuwepo, hapa, chini ya maua ya Mirontsy. Imekwenda wapi?"

Saandia alimwongezea kahawa kikombeni.

"Ahadi ikitimizwa hutoka kwenye maelezo, baba," akasema. "Umekaa ndani yake."